Sauti ya Metroni

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa mtaalamu wa ukurasa mmoja. Sitanii. Kampuni kubwa ya simu, jengo la ghorofa kumi na moja, wafanyakazi elfu tatu na ushei, na kazi yangu mimi ilikuwa ule ukurasa unaoufikia ukisahau neno lako la siri. Unabonyeza "nimesahau", unaletewa tarakimu sita kwenye simu, unaziandika, unachagua neno jipya. Basi. Ukurasa huo ulikuwa na timu ya watu tisa, mkuu wa timu, mkuu wa mkuu wa timu, na vikao vitatu kwa wiki. Kazini waliniita Mama Umesahau. Mwanzoni nilinuna, baadaye nikazoea, mwishoni nikawa naitika.

Niliacha kazi siku ya kikao cha rangi. Kitufe kilikuwa cha bluu, na mtu mmoja wa ghorofa ya tisa alitaka kiwe cha kijani. Tulikaa saa tatu tukijadili. Saa ya tatu ilipokwisha, mkuu wangu akaniomba niandike ripoti ya kurasa ishirini kuhusu bluu. Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Nilisimama, nikawaambia bluu ni bluu, nikaenda mezani kwangu nikaandika barua ya mistari miwili. Nilipofika nyumbani nimekumbatia boksi la vitu vyangu, mume wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na si mtu wa maneno mengi, aliniuliza kama nimefukuzwa au nimejifukuza. Nikamwambia nimejifukuza. Akasema basi angalau tunajua wa kumlaumu, akanipokea boksi.

Nilidhani ndani ya mwezi nitakuwa nimepata kazi nyingine. Mtu aliyetoka kwenye kampuni kama ile, nani asiyemtaka? Nikaenda kwenye usaili saba. Katika ule wa saba, kijana mwenye vipokea sauti shingoni alisoma karatasi zangu taratibu, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: ukiachilia mbali huo ukurasa, unajua kutengeneza nini? Nilichojua ni nani anaidhinisha nini, ghorofa ipi, kwa fomu ipi. Kutengeneza kitu kutoka mwanzo hadi mwisho, kikafanya kazi mbele ya macho ya mtu anayekihitaji, sikuwahi tangu nitoke chuoni. Nilitoka pale nimenywea. Nililia kwenye ngazi, nikajifuta, nikalia tena kituo cha basi.

Jirani na kwetu kuna kibanda cha fundi redio, mwanamume wa makamo, mkimya, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya. Nilimpelekea redio ambayo haikuwa na tatizo lolote. Akaiwasha, ikaimba, akanitazama. Ikabidi niseme ukweli, kwamba nataka kujifunza kazi ya mikono. Hakuniuliza cheti wala nilikotoka. Alinigeuzia kreti la soda nikae, akanipa chuma cha kulehemu. Nilikaa juu ya kreti lile miezi mitatu, hadi wateja wakadhani mimi ndiye mwenye redio mbovu kuliko zote mjini. Niliunguza vidole vyote kumi, vingine mara mbili. Lakini mwezi wa tatu nilitengeneza kisanduku kidogo chenye kipimajoto, betri na laini ya simu, kazi yake kupima joto na kunitumia ujumbe likipanda. Nilikipeleka jikoni kwangu, nikakisogeza karibu na birika la moto, simu ikalia. Nikacheza peke yangu pale jikoni, na bahati mbaya wifi yangu akanikuta.

Wifi yangu ni mdogo wa mume wangu, muuguzi katika hospitali ya hapa mjini, na tangu niolewe hajanipa nafasi ya kupumua. Aliegemea mlango akaniacha nimalize kucheza. "Mhandisi mzima," akasema, "unashangilia chai kuchemka."

Nikamweleza kisanduku kinavyofanya. Nilitegemea anikejeli tena, lakini alikichukua, akakigeuza geuza, akauliza kama kinaweza kukaa kwenye baridi. Hapo ndipo aliponisimulia habari za friji ya chanjo. Kwenye ghala la hospitali yao kuna friji kubwa inayotunza chanjo za hospitali nzima na za zahanati kumi na moja zinazoizunguka. Chanjo hazitaki mzaha: joto likishuka chini ya nyuzi mbili au likipanda juu ya nane, zikikaa hivyo zinakufa, na kwa kuitazama dawa yenyewe huwezi kujua. Mlangoni pamebandikwa karatasi, muuguzi anaandika joto asubuhi na jioni. Ya Jumamosi na Jumapili, wifi alikiri akitazama sakafu, huandikwa Jumatatu kwa kukisia. Mwaka uliopita friji ilipata joto mwisho wa wiki na hakuna aliyejua. Shehena nzima ilitupwa. Wiki tatu akina mama walikuja na watoto mgongoni wakaambiwa warudi nyumbani, na wifi ndiye aliyekuwa akiwaambia. Aliposema hivyo hakuwa anatania.

Alinipeleka kwa daktari mkuu, na daktari mkuu, mtu mnene mwenye haraka, akanipa mwezi mmoja. Kisanduku kikifanya kazi mwezi mzima, ningepewa friji za zahanati zote kumi na moja. Kikishindwa, ningekiondoa na nisingerudi tena. Nikakubali kabla hajamaliza kusema.

Aliyekuwa mgumu ni Metroni. Ni mwanamke mfupi anayetembea kila siku kama aliyechelewa, na wauguzi wote wako chini yake. Wagonjwa wa wodi ya wanaume hunyoosha shuka wenyewe wakisikia sauti yake kwenye korido. Alikitazama kisanduku changu kama mtu aliyeletewa mgeni bila taarifa, akauliza swali moja tu: kikiona joto limepanda, kitamwambia nani? Nikamjibu kwa fahari kwamba kitawaambia watu wote.

Hapo ndipo kampuni kubwa iliponifuata hadi hospitalini. Kule kwetu kitu kikiharibika, ujumbe wa onyo uliwafikia watu arobaini kwa mpigo. Tulijivunia jambo hilo. Hakuna aliyeweza kusema hakuambiwa, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kupata lawama. Nami nikaandika orodha yangu vivyo hivyo: wauguzi wote wa ghala, mfamasia, fundi umeme, karani, daktari mkuu, Metroni, na mimi mwenyewe. Watu kumi na wanne. Niliona nimefanya kazi ya kitaalamu.

Jumanne ya wiki ya pili mzigo mpya wa chanjo uliingia asubuhi, na mlango wa friji haukufungwa sawasawa. Saa nane mchana joto likafika nyuzi saba na simu kumi na nne zikalia. Mimi nilikuwa kibandani kwa fundi redio nakunywa chai. Niliuona ujumbe. Kidole changu kikaufuta chenyewe, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, na moyoni nikajisemea muuguzi wa zamu ameshauona. Ukaja wa pili, nikaufuta. Ukaja wa tatu. Dakika arobaini zilipita hivyo. Aliyeokoa chanjo ni mama mfanyausafi, ambaye hakuwa kwenye orodha. Alikuwa akipiga deki, akahisi baridi miguuni, akaona mlango uko wazi, akausukuma kwa nyonga akaendelea na kazi yake.

Joto lilikuwa limefika nyuzi nane na nusu. Mfamasia alikagua alama ya kila kichupa, ile inayogeuka rangi chanjo ikiharibiwa na joto, kimoja kimoja, jasho likimtoka, akatangaza kwamba zimenusurika. Ndipo Metroni akatupanga kwenye korido, wote wa orodha kasoro daktari mkuu na yeye mwenyewe, akapita mbele yetu akiuliza. Muuguzi wa kwanza aliuona ujumbe, alidhani mfamasia ameuona. Mfamasia alidhani fundi umeme. Fundi umeme alidhani wauguzi. Wifi yangu alidhani mimi. Akafika kwangu.

"Na wewe uliuona?"

"Niliuona, Metroni."

"Ukafanya nini?"

Natamani ningeweza kusema nilijitetea. Nilisema nilidhani wenzangu wameuona, na sauti yangu niliisikia ikitoka ndogo. Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata, maana wale wengine waliwekewa mtego na mimi ndiye niliyeutega, kisha nikauingia wa kwanza. Metroni hakupandisha sauti. Alisema aliyefunga mlango ni mtu pekee ambaye hakupelekewa ujumbe, na akaniomba nilifikirie hilo. Ijumaa, akaendelea, wakuu wa zahanati zote kumi na moja wanakuja kwenye kikao, na daktari mkuu alitaka wakione kitu changu. "Mpaka Ijumaa kiwe kimepona. La sivyo kibebe uondoke nacho."

Nilipofika nyumbani nikakuta barua kwenye simu, kutoka kwa mkuu wangu wa zamani. Ilikuwa barua ya heshima. Wamenikumbuka, wananitaka nirudi, safari hii kama mkuu wa timu, na juu ya ukurasa wangu nitaongezewa na ule wa kuingilia. Nafasi haiwezi kusubiri. Wanahitaji jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Mume wangu aliisoma mara mbili akasema ni barua nzuri. Hakuniambia nikubali wala nikatae, lakini simu aliirudisha mezani kwa uangalifu mno, nikaelewa kwamba miezi minane bila mshahara wangu ilikuwa imemchosha naye pia. Niliogopa. Kushindwa sikukuogopa sana, kwa kuwa nilikuwa nimeshashindwa. Niliogopa kwamba labda ile ndiyo saizi yangu kweli, ukurasa mmoja na kitufe chake, na kwamba wenye akili walilijua hilo kabla yangu.

Jumatano nikajifunga kibwebwe. Nilienda hospitalini asubuhi, nikakaa kwenye benchi nje ya ghala, sikushika kompyuta kutwa nzima. Nilitazama tu. Katika miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona mtu aliyesahau neno la siri akihangaika. Nilikuwa naletewa takwimu zake. Sasa niliwaona wauguzi. Simu zao zilikuwa mifukoni chini ya aproni, mikono ikiwa ndani ya glavu. Ujumbe wangu uliingia katikati ya jumbe mia za ukoo, za kwaya, za matangazo ya viatu. Hawakuwa wazembe, walikuwa wamezidiwa. Jambo moja tu niliona linawainua: mtu akiitwa yeye mwenyewe. Ukisema jamani nani atasaidia hapa, wanatazamana. Ukiita Sista fulani, njoo, Sista anakuja.

Nikabomoa kila kitu. Hakuna ujumbe tena. Kisanduku kitapiga simu, na kitampigia mtu mmoja, muuguzi wa zamu. Akipokea atasikia maneno, na kama anakwenda atabonyeza moja, kazi inakuwa yake. Asipobonyeza ndani ya dakika mbili, simu inahamia kwa mfamasia. Naye akishindwa, inahamia kwa Metroni. Orodha ya watu kumi na wanne ikabaki na watatu. Kule kampuni wangeniona mwehu. Fundi redio alinisaidia kulehemu sehemu mpya, na tulipomaliza alisema hiki sasa kinaeleweka, ambayo kwa mtu wa aina yake ni hotuba ndefu.

Ila kulikuwa na suala la sauti. Alhamisi asubuhi nilirekodi maneno kwa sauti yangu, nikajaribu kwa wifi. Simu yake ikalia, akasikiliza kidogo, akakata.

"Mbona umekata?"

"Wifi, sauti yako nimeizoea," akasema. "Nilijua unanidai sufuria lako."

Nilitaka kumrukia, lakini alikuwa amesema la maana. Nikamuuliza ni sauti gani hospitali nzima ambayo hawezi kuikatia simu. Kabla ya kujibu aligeuka kwanza akatazama nyuma yake.

Kumwomba Metroni ilibidi nipige moyo konde. Nilitegemea anitimue. Alifikiri, akasema kama ni kwa ajili ya chanjo, sawa. Alikaa wima ofisini kwake, akavaa miwani, akasoma karatasi yangu kama anayetangaza ratiba ya treni. Tulirudia mara nne. Kila mara ilikuwa sahihi na kila mara ingemlaza mtu usingizi. Sikujua nimwambie nini, kwani huwezi kumwambia Metroni awe Metroni. Mara akaona dirishani mhudumu ameacha machela katikati ya mlango wa dharura. Aliyosema pale sitayaandika yote. Machela ilihamishwa kabla hajameza mate. Nilikuwa bado sijazima kinasa sauti.

"Metroni," nikasema, "hivyo hivyo."

Akaishika tena karatasi, na safari hii hakuisoma. "Friji ya chanjo inapata joto. Acha unachofanya, nenda ukaitazame sasa hivi. Umenisikia? Kama unakwenda, bonyeza moja." Hilo la umenisikia halikuwa kwenye karatasi. Bila kufikiri nikajikuta nimesimama.

Ijumaa kikao kilianza saa nne ukumbini. Wakuu wa zahanati kumi na mmoja walikaa kwenye viti vya plastiki, daktari mkuu mbele, mimi nyuma karibu na mlango, kisanduku cha mfano kikiwa mapajani. Barua ya kampuni nilikuwa sijaijibu. Nilijiambia nitaangalia kikao kinavyokwenda. Kikienda mrama, nitatoka nje kabla ya saa sita na kuandika kwamba ninarudi. Nilikuwa nimeshaanza hata kuitunga sentensi yenyewe kichwani.

Metroni ndiye aliyepewa nafasi ya kwanza kueleza, na si mtu wa kupaka mambo rangi. Aliwasimulia ya Jumanne, mwanzo hadi mwisho, ujumbe kumi na nne, dakika arobaini, mfanyausafi na nyonga yake. Wakuu wa zahanati waliguna. Mmoja alinigeukia akanipima kwa macho. Metroni akasema ni kweli kitu kimerekebishwa, amekiona, hata ameombwa kukisaidia, lakini yeye hapimi kitu kwa ahadi. "Kwa hiyo mimi binafsi," akasema, "bado sijashawishika."

Simu yake ikalia.

Lazima nieleze kwamba Metroni hana subira ya kushikilia simu sikioni. Huiweka kwenye spika, tena sauti ya juu kabisa, dunia nzima isikie. Aliibonyeza akiwa bado anatutazama, na ukumbi mzima ukasikia: "Friji ya chanjo inapata joto. Acha unachofanya, nenda ukaitazame sasa hivi. Umenisikia?"

"Nimesikia," akajibu Metroni, na akaanza kwenda.

Alikuwa amefika katikati ya ukumbi alipogundua ni nani aliyemwamrisha. Alisimama, akaitazama simu mkononi. Nikawaza basi, amekasirika, yamekwisha. Yeye akabonyeza moja kwa kidole gumba, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri, akatoka mbio. Ndiyo, mbio. Wagonjwa waliokuwa kwenye mabenchi ya nje walisimama wenyewe. Mimi nilimfuata, wakuu kumi na mmoja wakanifuata, na daktari mkuu akafunga msafara kwa sababu ya tumbo lake.

Ghalani friji ilikuwa kimya. Kipimajoto kilisoma nyuzi saba na nukta tatu. Metroni alipiga magoti akakagua plagi, mimi nikafungua kijisanduku cha swichi za ukutani nikakuta moja imejikata yenyewe, sijui tangu saa ngapi. Nikaipandisha. Friji ikatetemeka, ikaanza kunguruma. Hakuna aliyeondoka. Tulisimama pale watu kumi na wanne tukitazama namba kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Saba na tatu. Saba na tatu. Saba na mbili. Ilipofika sita na tisa mtu mmoja nyuma alipiga makofi, akajishtukia, akaacha.

Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa wa zamu siku hiyo, aliingia akihema, aproni ikiwa na maji. Simu ililia mfukoni, alisema, ila alikuwa amekimbilia kusaidia wodi ya wazazi, mtoto alikuwa anatoka, asingeweza kuishika. Mfamasia naye alikuwa ameiacha yake kwenye chaji kaunta. Nilisubiri Metroni awashukie. Alimuuliza wifi kama mtoto yuko salama. Wifi akasema ni wa kike, analia vizuri.

"Basi wewe ulikuwa na kazi yako," Metroni akamwambia. "Hii nimeifanya mimi."

Akatazama saa ya ukutani, akatazama na ya mkononi kwa kuwa haiamini ya ukutani. Toka simu ya kwanza kulia mfukoni mwa wifi hadi mkono kugusa friji, dakika saba. Jumanne zilikuwa arobaini, na hata hizo ni kwa hisani ya deki. Aligeuka akawatazama wakuu wa zahanati waliokuwa wamejazana mlangoni.

"Miaka ishirini na minane natoa amri katika hospitali hii," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimezitii mwenyewe. Nimeshawishika."

Walicheka hadi wengine wakaegemea ukuta, na Metroni mwenyewe akatabasamu kidogo, jambo ambalo wifi anaapa hajaliona tangu aajiriwe. Kisha yakaanza maswali, yote kwa mpigo, nami nikiwa katikati. Betri inakaa siku ngapi. Kama mtandao hakuna, inakuwaje. Mkuu mmoja alitaka kujua kama zahanati yake nayo itapata sauti hiyo hiyo, kwa sababu wauguzi wake wawili walipata mafunzo chini ya Metroni na wangeruka hata usingizini. Mwingine aliuliza kama inaweza pia kupigia wanaochelewa kazini. Nilijibu kila mmoja, na kila jibu nililijua, kwa kuwa kila waya ndani ya kisanduku kile niliuunga kwa mikono yangu. Nilijaa. Sina namna nyingine ya kusema. Daktari mkuu, akiwa bado anatafuta pumzi, alisema mwezi hauna haja ya kuisha, nianze Jumatatu, zahanati zote.

Watu walipoanza kurudi ukumbini, Metroni alinizuia mlangoni. Aliuliza: wifi yako asipopokea, ni mfamasia, mfamasia asipopokea, ni mimi. Mimi nisipopokea je? Nikamwambia orodha inaishia kwake.

"Weka namba yako," akasema. "Baada ya yangu. Jumanne uliona ukanyamaza. Sasa nyuma yako hakutakuwa na mtu wa kumdhania."

Nilifungua kompyuta juu ya meza ya ghala, nikaandika namba yangu chini ya yake, nikaijaribu. Simu yangu ikalia mfukoni, Metroni akaniamrisha kutoka ndani ya simu huku amesimama mbele yangu amekunja mikono, nami nikabonyeza moja.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nimepigiwa mara tatu na namba ya kampuni, na katika zogo lile sikusikia. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi. Saa sita ilikuwa imekuja ikapita, na mimi sikuwa nimeikumbuka hata kidogo.

Nilitoka kwenye veranda nikampigia mkuu wangu wa zamani, maana alikuwa mtu wa heshima na barua yake ilikuwa ya heshima. Nilimshukuru, nikamwambia sitarudi. Alisema nafasi itafungwa leo hii. Nikasema ifungwe tu. Akaniuliza kwa nia njema kabisa, kama mtu anayetaka kusikia ndugu yake hajalala njaa, huko niliko nimepewa cheo gani. Nikafikiri. Cheo hatukuwa tumekizungumza.

"Mimi ndiye wa mwisho kwenye orodha," nikamwambia. "Wengine wote wakishindwa, napigiwa mimi."

"Pole sana," akasema, na nilisikia kwamba anaisema kwa moyo.

Nilianza kucheka nikashindwa kujizuia, nikamwomba radhi, nikakata. Mkuu wa zahanati ya kwanza alikuwa amesimama kando ananisubiri, na ramani ya kufika kwake ameichora nyuma ya ratiba ya kikao.